Uwanda ule haukuwa mtupu: utalii na uhai wa jangwa la Namib

Swali: Salaam, Daktari. Mimi ni mwongoza watalii kutoka Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Nilibahatika kwenda Namibia na wenzangu wa hifadhi yetu ya jamii ili tujifunze utalii wa jangwani. Siku moja, kaskazini ya mji wa pwani wa Swakopmund, niliteremka garini nikatembea kama hatua thelathini kwenye uwanda wa changarawe nipige picha. Mwongozaji wetu alinirudisha kwa ukali akisema ninakanyaga viumbe hai, nami niliona mawe tu. Je, alisema kweli, au alitaka tu kuikuza kazi yake? Na kwa jumla, utalii unaharibu uhai wa jangwa au unaulinda? Nauliza kwa sababu na sisi tunataka kuwaleta wageni kwenye majangwa yetu ya Chalbi na Dida Galgalu.

Jibu: Salaam nawe, ndugu yangu. Mwongozaji wenu alisema kweli, na kama alipandisha sauti, naelewa kilichomfanya aipandishe. Uwanda ule uliouona kuwa mawe matupu umejaa uhai wa namna ambayo jicho la mgeni halijazoea kuitambua, na katika sehemu zote za jangwa la Namib, huo ndio unaochelewa zaidi kupona ukiumizwa. Swali lako la pili ni gumu zaidi. Kwa ufupi nitasema hivi: jangwani madhara ya utalii hayafuati sana idadi ya wageni, kama tulivyozoea kuyahesabu kwenye mbuga za nyasi, ila yanafuata mahali mguu na gurudumu vinapotua, pamoja na muda ambao ardhi itahitaji kulifuta kovu lake. Magari elfu kumi yakipita njia ileile moja yanaweza kuacha madhara madogo kuliko gari moja lililokata kona mahali ambapo hakuna gari lililowahi kupita.

Ili hilo lieleweke inabidi nianze na maji, kwa kuwa kila kiumbe cha Namib kimeumbika kuyazunguka. Jangwa hilo limetandaa kandokando ya bahari ya Atlantiki, na mkondo baridi wa Benguela unaopita pwani yake hupoza hewa ya chini kiasi kwamba mawingu ya mvua hayapati nafasi ya kujijenga. Katika kituo cha utafiti cha Gobabeb, kilichoanzishwa mwaka 1962 kando ya mto mkavu wa Kuiseb, wastani wa mvua kwa mwaka mzima hauzidi milimita 30. Chalbi yenu, pamoja na ukame wake wote, hupata mvua nyingi kuliko hiyo. Lakini baridi hiyohiyo ya bahari inayoinyima nchi mvua ndiyo inayoizalia ukungu. Pwani hufunikwa na ukungu zaidi ya siku 100 kwa mwaka, na baadhi ya siku hizo ukungu husukumwa na upepo makumi ya kilomita hadi ndani ya jangwa, ukalainisha kila kitu kwa saa chache za alfajiri, kisha jua likaupangusa. Viumbe vya uwanda ule huishi kwa saa hizo chache.

Wa kwanza katika hao ni likeni, ambazo wengine huziita kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioungana kuishi kama mwili mmoja. Likeni haina mizizi. Hukaa juu ya jiwe au juu ya udongo ikiwa imejikunja, imekauka, haina rangi ya kuvutia macho, na mtu asiyeambiwa atadhani ni uchafu ulioganda kwenye kokoto. Ukungu ukija, hujikunjua, hubadilika rangi, mwani ulio ndani yake huanza kutengeneza chakula kwa mwanga wa asubuhi, na kabla ya saa sita imekwisha kukauka tena na kusimamisha kazi zake zote hadi ukungu mwingine. Karibu na kijiji cha Wlotzkasbaken, pwani kaskazini ya Swakopmund, kuna uwanda ambao likeni za rangi ya machungwa za spishi Teloschistes capensis zimeutandaza kama zulia. Zipo pia zisizoshika mahali popote, ambazo huviringishwa na upepo na kukusanyika kwenye vibonde. Kiumbe kinachofanya kazi saa chache kwa siku, tena kwa siku za ukungu peke yake, hukua kwa kiasi kidogo mno kwa mwaka. Ukikivunja kwa soli ya kiatu, huwezi kutarajia kwamba wewe uliyekivunja utakiona kikirudi.

Kuna uhai mwingine hata chini ya mawe yenyewe. Ulipokuwa unatembea hatua zako thelathini, bila shaka ulipita karibu na vijiwe vyeupe vya kwazi, vile ambavyo mwanga hupenya kidogo ndani yake. Laiti mwongozaji wenu angekugeuzia kimoja, ungeona chini yake utando wa kijani. Hizo ni bakteria zinazojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Jiwe huwa kwao paa, kinga dhidi ya jua kali, na pia dirisha la kupitishia mwanga, huku tone la ukungu lililoteleza ubavuni mwa jiwe likibaki pale chini kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kila kijiwe ni shamba dogo. Na mgeni anayekiokota, akakitazama, kisha akakitupa kando kichwa chini, amelianika shamba hilo juani. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi utando huo zaidi ya mara moja, na kila mara nimewasihi wakirudishe kijiwe katika shimo lake lilelile, upande uleule.

Sasa weka gari juu ya hayo yote. Udongo wa nyanda hizo umeshikamana kwa jasi, chumvichumvi na nyuzi za viumbe hivyo vidogo, hata ukafanya gamba jembamba lenye kokoto juu yake. Gamba hilo ndilo linaloizuia nchi isipeperuke. Gurudumu likipita hulipasua, huzikandamiza kokoto chini, huusaga udongo ukawa unga, na upepo wa mchana hukamilisha kazi kwa kuuchukua unga huo. Kinachobaki ni mfereji ambao maji machache ya ukungu hayashikiki tena ndani yake kama yalivyoshikika zamani. Huku kwetu, gurudumu likiacha njia kwenye nyasi fupi za Serengeti wakati wa kiangazi, masika yakija nyasi huota na kuficha sehemu kubwa ya kosa, ingawa watu wa Amboseli watakuambia kuwa hata huko magari yakizidi kuzurura hubaki vumbi. Katika nyanda za Namib hakuna masika. Yapo mapito ya magari ya kukokotwa na ng'ombe ya zama za ukoloni wa Wajerumani ambayo bado yanasomeka ardhini, na aliyeyapitisha amekufa zamani. Tena pito huzaa pito: dereva wa pili akiona alama za wa kwanza hudhani ni njia, wa tatu hukwepa mashimo ya hao wawili kwa kupita pembeni, na baada ya miaka michache uwanda unakuwa kama kitambaa kilichochanwa kwa vidole.

Ajabu ni kwamba wageni wengi hujali mahali pasipohitaji sana kujaliwa. Wakifika Sossusvlei na kuyaona matuta yale mekundu yenye urefu wa mamia ya mita, huuliza kwa wasiwasi kama nyayo zao zitayaharibu. Upepo wa jioni utazifuta. Mchanga unaohama husamehe kwa haraka, ilhali changarawe iliyotulia haisamehi. Sisemi kwamba matuta ni mchezo, la hasha. Bahari ya Mchanga ya Namib, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2013 ikiwa na zaidi ya hekta milioni 3, ilipata heshima hiyo kwa uzuri na jiolojia yake, na pia kwa sababu uhai wake hauna mfano. Mimea ni michache mno kiasi cha kutoweza kuwalisha wanyama wote waliomo, hivyo karamu huletwa na upepo: vipande vya nyasi zilizokufa mbali, mbegu, mbawa na miguu ya wadudu, vyote vikapeperushwa na kukusanyika kwenye kitako cha upande wa tuta unaoporomoka. Mbawakawa hula makombo hayo. Wapo hata wale wa spishi Onymacris unguicularis wanaopanda juu ya tuta wakati wa ukungu, wakasimama kichwa chini matako juu, ili matone yateremke mgongoni mpaka mdomoni. Fuko-dhahabu, ambaye ni kipofu, huogelea ndani ya mchanga akiwatafuta mchwa. Mjusi mwenye utando katikati ya vidole hujizika mchana. Kifutu wa Peringuey hujifukia akabakiza macho yake, yaliyowekwa juu ya kichwa. Kwa hiyo mtu anayetembea kwa miguu kwenye mgongo wa tuta hana neno, lakini pikipiki za magurudumu manne zinazopasua vitako vya matuta hupita juu ya meza ya chakula na juu ya walaji, na nyayo zikishafutika hakuna ushahidi unaobaki wa waliokufa.

Kisa ninachokipenda zaidi katika habari hii yote, kwa kuwa kinaonyesha kosa na dawa yake pamoja, ni cha ndege mdogo aitwaye buabua wa Damara. Karibu wote wa jamii yake duniani huzaliana kwenye pwani ya Namibia, kisha huhamia Afrika ya Magharibi msimu ukibadilika. Tofauti na ndege wengi wa bahari, hawa hawajazani pamoja kwenye miamba. Kila jozi huchagua mahali pake kwenye changarawe au kwenye mabwawa makavu ya chumvi, huparua kidogo, na jike hutaga yai moja lenye madoa yanayofanana kabisa na kokoto. Yai moja tu. Ufichaji huo ulitosha kumzuia bweha, angalau mara nyingi, lakini hauwezi kumzuia dereva asiyeliona yai, wala hausaidii pale mzazi anapofukuzwa na kelele akaliacha yai juani. Baya zaidi, msimu wa kutaga huangukia katika likizo za Desemba na Januari, wakati ambapo watu hufurika pwani na pikipiki zao. Kati ya Swakopmund na Walvis Bay, mahali paitwapo Caution Reef, watafiti walishuhudia jinsi magari yalivyovuruga makazi hayo, na ulipofika mwaka 2000 vizuizi vya kuzuia magari viliwekwa. Mayai yaliyoanguliwa yaliongezeka. Hakukuwa na haja ya kuwafukuza watalii mjini wala kufunga pwani nzima. Vigingi, kamba na mabango, vikiwekwa na mtu anayemjua ndege yule, vilitosha kubadili hali. Mwaka 2010 serikali iliitangaza sehemu kubwa ya pwani hiyo kuwa Hifadhi ya Taifa ya Dorob, ambamo kuendesha gari nje ya njia kwenye nyanda za changarawe ni kosa, na michezo ya magari ya mchangani imetengewa maeneo yake.

Mmea wa Welwitschia nao huteseka kwa kupendwa. Una majani mawili tu tangu kuzaliwa hadi kufa, na baadhi ya mimea hiyo inakadiriwa kuwa na umri unaozidi miaka 1,000. Kila mgeni anataka picha akiwa amesimama karibu nao, na miguu mingi ikikanyaga palepale udongo hushindiliwa juu ya mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi. Ndiyo maana mikubwa na mashuhuri imezungushiwa uzio.

Maji ya mitoni yanahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo madhara ambayo mtalii hayaoni hata akitazama. Mito kama Kuiseb, Tsauchab, Hoanib na Hoarusib hupitisha maji siku chache kwa mwaka, na mwaka mwingine haipitishi kabisa. Lakini chini ya mchanga wake mna unyevu, na juu ya unyevu huo pamesimama migunga ambayo mizizi yake hushuka makumi ya mita. Mistari hiyo ya kijani ndiyo barabara, ghala na kivuli cha tembo, twiga, choroa na ndege wasiohesabika. Na binadamu je? Kambi na loji hupenda kivuli hichohicho, huchimba visima katika mchanga uleule, na mgeni aliyechoka kwa joto hutarajia kuoga mara mbili kwa siku. Kisima kimoja hakikaushi mto, ila visima vya kambi zote kwa pamoja, katika miaka ambayo mafuriko hayakufika, vinaweza kulishusha tabaka la maji kwa mwendo ambao mgunga mzee huweza kuufuata na mche mchanga usiweze. Matokeo huonekana baada ya miongo, wakati miti mizee inapoanguka na hakuna ya kuirithi. Kwa haki niseme kwamba utalii si mnywaji mkubwa kuliko wote katika Namib. Miji ya pwani na migodi ya urani imechota zaidi, na Kuiseb imekuwa ikinywesha Walvis Bay kwa vizazi kadhaa. Lakini Watopnaar, waishio kando ya mto huo na wanaovuna matikiti ya nara ambayo mizizi yake pia hufuata maji ya chini, hawawezi kutenganisha tone la hoteli na tone la mgodi pale kisima kinapozidi kuwa kirefu.

Ongeza kwenye habari ya maji jambo ambalo kwenu pia lipo, nalo ni firigogo. Ndege hawa hutaga mbali na maji, na dume huruka kilomita nyingi asubuhi hadi kwenye dimbwi, akalowesha manyoya ya tumbo lake ambayo hushika maji kama sifongo, kisha akaruka kurudi ili makinda wayanyonye. Kundi la wageni likiketi kando ya dimbwi hilo saa ileile ya asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa nzuri ya picha, firigogo watazunguka juu, watasita, na wengine wataondoka wakavu. Mgeni huyo hajakanyaga kitu wala hajatupa taka. Amekaa tu mahali pasipofaa, saa isiyofaa.

Taka na taa nitazipitia haraka. Mabaki ya chakula kambini huwanenepesha bweha na kunguru, nao wakishazoea huzidi idadi na kuyamaliza mayai ya ndege wanaotaga chini, hivyo pipa lisilofungwa vizuri huua mbali na pale lilipo. Taa za usiku huwavuta na kuwachosha wadudu wa jangwa, ambao wengi wao hutoka usiku. Hifadhi binafsi ya NamibRand, iliyoanzishwa mwaka 1984 kwa kuunganisha mashamba ya mifugo na kung'oa nyua zake ili choroa waweze kuifuata mvua, ilizidhibiti taa zake mpaka ikatambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga lenye giza. Imefanya hivyo na wageni bado wanakuja, tena wengine huja kwa ajili ya giza hilo.

Hapa ndipo ninapofika upande wa pili wa swali lako, na ningekosa uaminifu kama ningeupunguza. Kaskazini-magharibi mwa Namibia, katika mkoa wa Kunene, vifaru weusi wanaishi kwenye milima ya mawe isiyo na uzio, katika ardhi ya jamii, na hilo ndilo kundi kubwa kuliko yote duniani la vifaru weusi wanaotembea huru nje ya hifadhi za taifa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ujangili na ukame vilikuwa vimewafikisha ukingoni. Kilichowaokoa kilianza na watu wachache waliokubaliana na machifu kuwaajiri wenyeji walinde wanyama wao, wakiwemo wanaume waliokuwa wawindaji. Mwaka 1982 likaundwa shirika la Save the Rhino Trust. Baada ya uhuru wa mwaka 1990 ikaja sheria ya mwaka 1996, iliyowapa wananchi wa vijijini haki ya kuunda hifadhi za jamii na kupata faida ya wanyamapori wao. Za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998, Torra ikiwa mojawapo. Sasa zipo 86, na zinafunika takribani asilimia 20 ya nchi. Wewe uliye katika hifadhi ya jamii huhitaji kuelezwa maana yake: mshahara wa mlinzi, ada ya kitanda inayobaki kijijini, mzee ambaye mbuzi wake ameliwa na anayo sababu ya kutoitafuta sumu. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka kwa mgeni aliyekuja kumtazama kifaru. Bila mgeni huyo sioni nani mwingine angelipa mwaka hadi mwaka.

Lakini mtazamaji naye ana uzito wake. Kifaru haoni mbali, ila husikia na kunusa vizuri mno, na akishtuliwa hukimbia. Kukimbia katika nchi ambayo kila jani na kila dimbwi limehesabiwa ni gharama, na mama mwenye ndama akifukuzwa mara kwa mara kutoka kwenye chemchemi yake hatimaye huihama. Kwa hiyo wafuatiliaji wa Kunene huwakaribia wakiwa upande ambao upepo hauwapelekei wanyama harufu, hukaa mbali, hukaa kidogo, na kama masikio ya kifaru yamewageukia, huwaondoa wageni hata kama picha haijapatikana. Ninaamini uamuzi huo wa mwisho, wa kuondoka kabla mgeni hajaridhika, ndio unaotenganisha utalii unaolinda na utalii unaotafuna. Ni mwongozaji peke yake awezaye kuuchukua, na hauchukui kama kipato chake kinategemea bahashishi ya mgeni aliyefurahi. Mlipeni mwongozaji vizuri. Naliona hilo kuwa jambo la bioanuwai kabisa. Mwaka 2020, korona ilipowazuia wageni, hifadhi hizo zilipoteza mapato yake kwa ghafla na mishahara ya walinzi ikalazimika kutafutiwa msaada wa dharura. Jamii isiyo na mfereji mwingine wa kipato iko hatarini, na wanyama wake pamoja nayo, kwa hiyo msiuache mfugo mkaishi kwa wageni peke yao.

Huenda pia ukajiuliza kama kutambuliwa kuwa urithi wa dunia kunasaidia. Kunasaidia kiasi. Kule Twyfelfontein, mahali ambapo Wadamara hupaita |Ui-||aes na ambapo pameingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007, kuna michoro zaidi ya 2,000 iliyochongwa miambani na wawindaji wa kale, na twiga na kifaru waliochongwa pale bado wanatembea katika mkoa uleule. Mgeni haruhusiwi kuzunguka bila mwongozaji wa pale, na hufuata vijia vilivyowekwa, kwa hiyo mwamba na mimea iliyo kati ya miamba vinalindwa kwa kanuni moja. Orodha yenyewe, hata hivyo, haina mikono. Wasomaji wetu walioko Oman wanaifahamu Jiddat al-Harasis, ambako choroa wa Arabuni walirudishwa mwituni mwaka 1982 na eneo likatambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1994. Choroa walifika 450 mwaka 1996, kisha ujangili ukawapunguza hadi 65, eneo lenyewe likapunguzwa kwa asilimia 90 kwa ajili ya utafutaji wa mafuta na gesi, na mwaka 2007 likawa la kwanza duniani kufutwa kwenye orodha hiyo. Watalii hawakuhusika. Nalitaja kwa sababu baadhi ya wenzako wanaweza kudhani kwamba cheti kikubwa kitaifanya kazi ambayo mlinzi wa miguu hajapewa mshahara wa kuifanya.

Basi turudi kwenu. Usiichukue kanuni ya Namib ukaibandika Chalbi nzima nzima, kwani ardhi zenu ni mbili na tabia zake hazifanani. Chalbi ni kitanda cha ziwa la kale. Mvua kubwa zikinyesha hufurika, na udongo wake hujisawazisha tena, hivyo alama za magari pale zinaweza kufutika. Dida Galgalu ni nchi ya mawe ya volkano yaliyotulia, na humo anaishi kipozamataza wa Williams, ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa kaskazini mwa Kenya, anayetaga chini miongoni mwa mawe hayo kama buabua anavyotaga Namib. Kama ningekuwa pamoja nanyi, Dida Galgalu ningeifanyia ukali uleule uliofanyiwa wewe Swakopmund.

Kabla ya kuchora ramani ya safari za wageni, tafuteni mapito yaliyoachwa. Waulizeni wazee wa Kigabra na wa Kirendile ni njia ipi ya lori iliacha kutumika lini. Wao hukumbuka kwa miaka ya ukame, ya vita na ya mvua kubwa, na kumbukumbu hizo zinatosha. Nendeni mkaitazame kila moja, mkalinganishe udongo wa ndani ya pito na wa nje, mimea iliyorudi na isiyorudi. Kwa siku chache mtakuwa mmejua ardhi yenu inachukua muda gani kupona, jambo ambalo mtaalamu mgeni angehitaji miaka kulipima. Penye kupona kwa mwaka mmoja au miwili, magari yapite. Penye kovu la miaka thelathini, wekeni njia moja, ipangeni mawe pande zote mbili kabla gari la kwanza la wageni halijafika, na gari lisishuke humo kwa sababu yoyote, hata ya kumpisha mwenzake. Tengenezeni sehemu za kupishana. Kambi zikae mbali na chemchemi za Kalacha na za North Horr, umbali ambao wenye ngamia na wenye kujua saa za punda milia na firigogo kufika majini watakubaliana nao, na asubuhi wageni wasifike hapo mpaka ndege wamekwisha kunywa na kuondoka.

Mkishayaona mapito hayo ya zamani, niandikie mlichokikuta, pamoja na picha za ndani na nje ya kila pito na miaka waliyoitaja wazee, nami nitakusaidia kuzisoma.